Povu la Majani katika Nchi ya Dhahabu

Nguo ya kazi ya mchimbaji mdogo wa Buseresere hubeba uchafu wa aina nne kwa pamoja. Upo udongo mwekundu wa Geita, wenye chuma ndani yake, unaozama kwenye nyuzi za pamba na kugoma kutoka. Lipo jasho, pamoja na mafuta ya mwili. Ipo grisi na oili ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Na ipo zebaki, ambayo mara nyingi macho hayaioni. Anayetaka kujua kama mimea waliyofulia bibi zetu inaweza kushika nafasi ya sabuni ya unga na aanzie kwenye nguo hiyo. Swali la kama majani yanafua halina jibu mpaka tuulize yanafua uchafu upi, kwa maji yapi, na kwenye kitambaa gani.

Buseresere ni mahali pazuri pa kuulizia. Ni mji wa wilaya ya Chato ulioshikana na Katoro ya wilaya ya Geita, kando ya barabara kuu iendayo Bwanga na Biharamulo, na wakazi wake wametoka kila upande: Wasukuma, Wazinza, Wasubi, Waha, Wahaya na wengine wengi walioifuata dhahabu. Kila jamii ilikuja na mti wake. Maduka yamejaa sabuni za unga za pakiti ndogo na sabuni za kipande, kwa hiyo hakuna anayelazimika leo kutwanga mizizi ili avae shati safi. Hata hivyo mazungumzo ya sabuni za asili yamerudi, na ndani yake kuna pande mbili zinazonisumbua kwa kiasi kilekile. Wapo wanaosifu kila jani kana kwamba zamani hapakuwa na nguo chafu, na wapo wanaolidharau kila jani kana kwamba bibi zetu walikuwa wakijidanganya.

Mmea unaweza kutakatisha nguo kwa njia tatu, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Njia ya kwanza ni saponini, kemikali ambazo mimea huzitengeneza ili kujilinda na wadudu na kuvu. Upande mmoja wa saponini umebeba sukari na hupenda maji; upande wa pili hupenda mafuta. Zikiingia kwenye maji, hulegeza ule utando wa juu unaofanya tone lisimame juu ya kitambaa, maji yakapenya hadi kwenye nyuzi, na uchafu wenye mafuta ukashikwa na kuelea. Povu ni dalili ya kazi hiyo tu, si kazi yenyewe. Liko povu jingi lisilong'oa kitu.

Njia ya pili ni ya majivu, ambayo nguvu yake ni ukali wa alkali: mafuta yanapokutana na alkali hugeuka sehemu kuwa sabuni palepale kwenye nguo. Njia ya tatu ni ya vimeng'enya, ambavyo huzikata protini za jasho, damu na maziwa vipande vidogo vinavyoondoka na maji.

Kwa saponini, ukanda huu haukuwa maskini. Kwenye mbuga za udongo mweusi za Shinyanga unaota mjunju, mti wa miiba mirefu na matunda yanayofanana na tende, ambao Wanyamwezi huuita mduguyu. Magome na mizizi yake hutoa povu yakitwangwa na kulowekwa, na matumizi hayo yanajulikana kuanzia Sudan na Chad hadi kwetu. Kwenye miombo upo mzigi, wenye maua ya zambarau, ambao mizizi yake inanukia kama dawa ya kuchua misuli kwa sababu ina kemikali ileile inayotiwa kwenye dawa hizo. Mizizi hiyo hutumika kama sabuni katika nchi nyingi za Kiafrika, na ni sumu ikimezwa. Pwani walikuwa na harita, tunda la mharita, ambalo ganda lake kavu likilowekwa hutoa maji ya kufulia hariri na sufi. Wahindi wanaliita ritha, na masonara wao wamesafishia mapambo ya dhahabu na fedha kwa maji hayo kwa vizazi vingi.

Ubora mmoja wa saponini hausemwi vya kutosha. Sabuni ya mafuta ikikutana na maji magumu, yenye chokaa na chumvichumvi, huganda na kuwa utando mweupe unaobaki kwenye nguo na kwenye beseni. Mwanamke anayechota maji ya kisima cha namna hiyo anajua jinsi kipande cha sabuni kinavyoisha kabla povu halijatokea. Saponini hazigandi hivyo. Tena hazina ukali wa alkali, kwa hiyo haziumizi sufi wala hariri. Ndiyo maana katika jumba la kale la Uppark huko Uingereza, Lady Meade-Fetherstonhaugh alianza miaka ya 1930 kuyafua mapazia ya karne ya 18 kwa mmea wa saponini uitwao Saponaria, alipoona sabuni za dukani zingeyamaliza. Wanaomwona anayefua kwa mizizi kuwa amebaki nyuma wakumbuke hilo.

Udhaifu wake ni grisi. Maji ya mizizi ya mjunju yatatoa vumbi na jasho kwenye khanga ya pamba, lakini oili ya karasha iliyokaa kwenye suruali ya poliesta itayashinda. Poliesta yenyewe ni ndugu wa mafuta ya petroli, na hushika mafuta kwa nguvu kuliko pamba. Nguo ambazo mimea hii ilizifahamu ni kaniki na amerikani, vitambaa vya pamba vilivyofika bara kwa misafara ya karne ya 19. Leo gulioni Katoro mtumba wa kawaida ni mchanganyiko wa nyuzi za kiwandani. Mti ni uleule, ila kitambaa kimebadilika.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulifanyika ndani ya kumbukumbu za watu wazima wa leo, na haukupangwa na mtafiti yeyote. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilianza mwishoni mwa 1978. Wakati huo Buseresere ilikuwa bado wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera; wilaya ya Chato ilizaliwa 2005, na mkoa wa Geita 2012. Vita vilipokwisha 1979, fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, viwanda vikakosa malighafi, na sabuni ikawa bidhaa ya foleni na ya kujuana. Serikali ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosakwa kwenye maghala na chini ya vitanda. Nafuu ilianza na bajeti ya 1984 ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliyoruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa.

Kwa miaka hiyo, nchi nzima ilirudi kwenye mimea, na mmea ulioongoza ulikuwa mpapai. Sababu ya kwanza ni kwamba ulikuwepo nyuma ya kila nyumba, tofauti na mjunju au mzigi unaohitaji safari ya porini. Waliokuwa shuleni wakati huo husimulia walivyosugua sare kwa majani mabichi ya mpapai yaliyopondwa, povu jepesi la kijani likatoka, kisha wakasuuza mara nyingi ili rangi ya jani isibaki kwenye shati jeupe. Yapo masimulizi kama hayo kutoka Kagera hadi Mtwara.

Kwa nini mpapai ulifaa? Utomvu wake una papaini, kimeng'enya cha kukata protini. Ni mwingi zaidi kwenye tunda bichi, lakini upo pia kwenye majani na vikonyo. Ndicho kinacholainisha nyama ngumu ikifungwa kwenye majani hayo. Majani pia yana saponini kiasi. Kwa hiyo jani moja lilileta njia mbili kati ya zile tatu, na lililenga uchafu ambao sare ya mwanafunzi huwa nao hasa, yaani jasho la kola na kwapa. Mjerumani Otto Röhm alikwenda njia hiyohiyo mwaka 1913 alipotengeneza sabuni ya kulowekea iliyoitwa Burnus, akitumia kimeng'enya cha kongosho ya wanyama. Unga wa kufulia wenye vimeng'enya ulienea duniani tangu miaka ya 1960. Mama aliyelowesha shati kwenye majani ya mpapai usiku kucha, bila kuyachemsha, alikuwa anafanya jambo lenye maana ya kisayansi: kimeng'enya kinahitaji muda, na maji yakichemka sana hukiharibu.

Mipaka yake nayo ilionekana. Majani yalitia madoa ya kijani kwenye nguo nyeupe. Utomvu uliwasha mikono. Grisi haikutoka. Na mara sabuni iliporudi madukani, watu waliyaacha majani ndani ya muda mfupi. Hilo lisisomwe kama ushahidi kwamba majani hayakufaa kitu. Yalifaa, lakini kwa gharama ya saa nyingi za mwanamke na ndoo nyingi za maji ya kusuuzia, maji ambayo mara nyingi aliyabeba kichwani yeye mwenyewe. Katika mahesabu ya sabuni za asili gharama hiyo huachwa nje kila mara, na kuiacha ni dhuluma.

Majivu yana historia tofauti, na kwa mtazamo wangu ndiyo yenye mustakabali mkubwa zaidi kwa kazi ya kufua. Wanawake wa Kanda ya Ziwa walijua tangu zamani kuchuja majivu kwenye chungu kilichotobolewa, maji yakadondoka taratibu, yakatumika kulainisha maharage na mboga ngumu. Maji hayo yana alkali ya potasiamu. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi kuliko ya kuni nyingi. Ukiyapika maji hayo na mafuta kwa muda mrefu unapata sabuni halisi, laini kama uji mzito. Ukitia chumvi ya kawaida, sehemu ya potasiamu hubadilishana na sodiamu, na sabuni hukaza na kujitenga juu. Afrika Magharibi wamejenga juu ya ujuzi huu sabuni nyeusi maarufu, kutokana na majivu ya maganda ya kakao na ndizi, na leo zinauzwa Ulaya kwa bei ya vipodozi.

Huku kwetu mafuta ya kupikia sabuni yako jirani. Kigoma wana mawese, na wana mise, yaani kokwa za michikichi, ambazo mafuta yake hutoa povu zuri. Sabuni za kienyeji za miaka ya shida, ambazo wengi walizijua kwa jina la gwanji, zilitokana na mafuta ya namna hiyo. Chato na Geita wana pamba, na mbegu ya pamba ina mafuta. Viwanda vinaposafisha mafuta hayo kwa kostiki hubaki masalia mazito ambayo tayari ni nusu sabuni. Wakulima wa pamba hutakiwa kila mwaka baada ya mavuno kung'oa na kuchoma masalia ya shambani ili kuua wadudu, na majivu yale hupeperushwa na upepo. Arusha, kampuni ya KAKUTE ilifundisha wanawake kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mbono, mmea uleule unaopandwa kuzunguka makaburi na mazizi kwa sababu mifugo haiugusi. Mbegu zake ni sumu, lakini mafuta yake yanakubali kuwa sabuni.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu sabuni ya maji, ile inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika na inayofundishwa kwa karibu kila kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Watu huiita ya kienyeji, wengine huiita ya asili. Ukiangalia kinachochanganywa kwenye ndoo, ni asidi ya salfoniki, slesi, soda ash, chumvi, rangi na manukato. Asidi ya salfoniki hutokana na petroli. Slesi hutoka kiwandani pia, hata pale ilipoanzia kwenye mafuta ya mawese. Kinachofanyika kwenye ndoo ni kuchanganya tu, wala si kutengeneza. Sina ubaya na biashara hiyo. Inalipa ada za shule na inafua vizuri, hasa grisi. Lakini mwanamke anayekoroga salfoniki bila glavu anastahili kuambiwa ukweli kwamba anashika asidi, na mnunuzi anastahili kujua kwamba tone la mafuta ya mwarobaini halibadilishi mchanganyiko huo kuwa zao la shambani. Sabuni ya majivu na mafuta ya mbegu za pamba ingekuwa na haki zaidi ya jina hilo.

Suala linalofuata ni la miti yenyewe. Kuanzia miaka ya 1920, mapori makubwa ya Usukuma yalifyekwa kwa maelfu ya mikono ili kumfukuza ndorobo, na baadaye pamba, mifugo na kuni zikamalizia kilichobaki. Shinyanga ikawa mfano wa ardhi iliyokonda. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, ulifanikiwa kwa sababu ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho ili nyasi na miti ijirudie yenyewe. Mahali ngitili ziliporudi, miti ya dawa, ya matunda na ya kutakatishia ilirudi nayo. Upande wa Geita hali ni tofauti: mbao za kuegemeza kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na mkaa wa miji iliyoota kwa haraka vinakula miombo kila siku. Mizizi ya mzigi ikichimbwa kwa wingi, mti hufa. Kwa hiyo wazo la kuufanya mzigi kuwa bidhaa ya sokoni Katoro ni wazo la kuumaliza. Mmea wa kufulia unaoweza kuvumilia mahitaji ya mji ni ule unaovunwa tunda au jani na kuachwa umesimama.

Hilo linatuleta kwenye mmea ambao ningependa kila afisa afya wa Chato aufahamu. Mwaka 1964, mtaalamu wa vimelea wa Ethiopia, Dakta Aklilu Lemma, alikuwa Adwa, kaskazini mwa nchi yake, akichunguza kichocho. Aliona kwamba pale wanawake walipokuwa wakifulia mtoni, konokono waliokufa walikuwa wengi kuliko sehemu nyingine. Wanawake hao walikuwa wakifua kwa matunda ya endod yaliyokaushwa na kutwangwa, kama mama zao walivyofanya. Aklilu alichukua konokono wazima, akawatia kwenye maji yale, wakafa. Endod, kwa jina la kitaalamu Phytolacca dodecandra, haihitaji kuagizwa kutoka Ethiopia. Inaota Afrika Mashariki, kando ya mashamba na kwenye vichaka vya nyanda zenye unyevu. Waganda huiita luwoko, na Wanyankole omuhoko.

Jinsi inavyofanya kazi inaeleza kwa nini desturi ya kutwanga na kuloweka ilikuwa sahihi. Ndani ya tunda zima, saponini za endod zimefungwa katika umbo lisilo kali. Tunda linapopondwa ndani ya maji, kimeng'enya cha tunda lenyewe hukata kipande cha sukari, na hapo sumu ya kuua konokono huamka. Anayetumia tunda bila kuliloweka hupata povu na kukosa nusu ya faida. Ndani ya muda mfupi sumu hiyo huvunjika majini, jambo linalopunguza madhara, lakini pia humaanisha kwamba dawa lazima irudiwe, kwani mayai ya konokono hupona. Aklilu na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walichagua aina yenye nguvu zaidi, wakaiita E-44, na mwaka 1989 walipewa tuzo ya Right Livelihood huko Uswidi.

Umuhimu wake kwetu uko wazi. Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo yenye kichocho kingi Tanzania, kile cha tumbo ufukweni mwa Ziwa Victoria na kile cha mkojo kwenye malambo na majaruba ya mpunga bara. Mwanamke anayefua akiwa amesimama ndani ya lambo ndiye anayekutana na vimelea kwa saa nyingi zaidi, pamoja na mtoto aliye kando yake. Anayetumia endod hapo humwaga sumu ya konokono mahali hasa konokono walipo. Mjunju una uwezo unaokaribia huo; mtafiti R. G. Archibald aliandika kuhusu matunda yake na kichocho nchini Sudan tangu 1933. Dawa ya praziquantel huponya mgonjwa, kisha mgonjwa hurudi kwenye lambo lilelile na kuambukizwa upya. Mmea wa kufulia unaopunguza konokono usingechukua nafasi ya dawa, ungeisaidia isifanye kazi bure.

Lakini sumu inayomuua konokono huua na samaki. Saponini huharibu mashavu ya samaki hata zikiwa kidogo, na wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika wamezitumia kulevya samaki kwenye madimbwi. Anayefua kwa mizizi au matunda haya kando ya bwawa la kufugia perege atalipa. Maji hayo yasinywewe na mtu, na wala mifugo isielekezwe hapo siku hiyo. Neno asili limewafanya wengi wasahau kwamba mti huweka saponini kwenye mizizi yake ili adui aumie.

Kwa haki hiyohiyo, tusiitwishe sabuni ya unga mzigo wote wa Ziwa Victoria. Ni kweli kwamba fosforasi hulisha mwani na magugu maji. Lakini utafiti wa Rashid Tamatamah na wenzake, uliochapishwa 2005, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani, pamoja na vumbi la mashamba na moshi wa mioto. Mkulima anayechoma mbuga na anayelima hadi ukingo wa mto analiumiza ziwa zaidi ya beseni la mama anayefua. Kufua mbali na ukingo, na kumwaga maji machafu ardhini, kunasaidia kwa sabuni yoyote, ya mti au ya kiwandani.

Kuna jambo jingine kuhusu saponini ambalo ningependa vijana walijue. Chanjo za malaria zinazotolewa sasa Afrika, RTS,S na R21, zote mbili huongezewa nguvu na saponini kutoka kwenye gome la mti wa Chile, Quillaja, ambao wenyeji walikuwa wakifulia nguo. Majaribio ya RTS,S yalifanyika Bagamoyo na Korogwe, na ya R21 yalifika Bagamoyo. Mti wa kufulia uliingia kwenye sindano ya mtoto wa Kitanzania kwa sababu kuna watu walioona povu lake linastahili maabara. Endod ilipata heshima ya namna nyingine: katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, kilipata hataza ya kuitumia dhidi ya kome wanaoziba mabomba ya maji huko, na wanawake wa Adwa walioitunza elimu hiyo hawakuwa na sauti kwenye karatasi hizo.

Turudi kwenye zile aina nne za uchafu. Udongo mwekundu hauyeyushwi na sabuni ya aina yoyote. Hutoka kwa kusuguliwa, na doa lililobaki hupunguzwa na ndimu na chumvi juani, kwa sababu asidi ya ndimu huyeyusha chuma. Jasho linatolewa na mpapai na saponini. Grisi inahitaji alkali na maji ya moto, yaani sabuni ya majivu au ya dukani. Zebaki haina mti.

Kuhusu zebaki sina namna ya kulainisha maneno. Lwamgasa, kijiji cha machimbo katika wilaya ya Geita, kilichunguzwa na mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na wanajiolojia wa Uingereza, na wakazi wa Katoro walichukuliwa kuwa kundi la kulinganishia. Walioathirika zaidi walikuwa wale wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Mvuke wa zebaki hukaa kwenye nguo. Nguo ikirudi nyumbani na kulowekwa kwenye beseni moja na nepi, majani ya mpapai hayatasaidia, wala unga wa bei kubwa hautasaidia. Kinachosaidia ni nguo ya kazi kubaki kazini, kufuliwa peke yake, mbali na watoto na mbali na jiko, na kutochoma zebaki nyumbani kamwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini mkataba haulifikii lile beseni.

Hata hivyo mimea ya povu ina nafasi kwenye tatizo hili, ila kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, kabla nguo hazijaguswa. Vumbi laini la dhahabu huelea juu ya maji, kwa sababu lina mafuta kidogo na utando wa maji hulibeba, kisha huondoka na mchanga. Ndiyo maana wachimbaji wa nchi nyingi hutia sabuni ya unga kidogo kwenye karai: utando hulegea, dhahabu huzama. Kadiri dhahabu laini inavyoshikwa kwa maji, ndivyo sababu ya kumwaga zebaki inavyopungua. Huko Chocó, Colombia, wachimbaji wa asili ya Kiafrika walioungana katika mpango wa Oro Verde tangu 2000 huponda majani ya mti wa balso, wakapata maji yenye utelezi na povu, na kwa maji hayo hutenga dhahabu na mchanga mweusi wa chuma bila tone la zebaki.

Balso ni wa ukoo mmoja wa mimea na mlenda na mkole, na Buseresere mlenda ni mboga ya kila nyumba. Hakuna uhakika kwamba utelezi wake utafanya kazi ileile kwenye mchanga wa Geita, wenye madini tofauti na ya Chocó. Lakini Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina kituo cha mfano cha wachimbaji wadogo Lwamgasa, chenye mizani na wataalamu, na mlenda unauzwa kwa fungu. Kinachotakiwa ni makarai mawili ya mchanga kutoka mwalo mmoja, moja lioshwe kwa sabuni ya unga na jingine kwa maji ya mlenda, kisha dhahabu ya kila karai ipimwe kwenye mizani ileile.